Miaka 240 na bado ni mosi tu: Eldhraun kunani?

#1 Kasoko_Baridi
Wakuu, salaam. Uwanda wa lava wa Eldhraun, kusini mwa Aislandi, ulimwagika na kuganda kati ya 1783 na 1784. Barabara namba 1 inaupasua katikati, na pande zote mbili unaona ukoga wa kijani uliochanganyika na kijivu, umefunika mawe kama mtu aliyemwaga magodoro elfu na kuondoka. Nyasi ni za kutafuta. Kichaka hakuna. Ilhali kuna lava nyingine nchini humo zimeota miti ya mbetula hadi unapoteza njia.
Dai langu: ni baridi, hakuna cha zaidi. Mwenye sababu nyingine aje nayo. Na swali la pili kwa wanaopanga safari: kukanyaga ule ukoga kunaruhusiwa au hakuruhusiwi? Kila mtu ana jibu lake. Mwageni nondo.

#2 Mama Ramani
Tuweke tarehe sawa kwanza. Mlipuko ulianza 8 Juni 1783 ukakoma 7 Februari 1784. Haukuwa mlima mmoja wenye mdomo juu. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 27 hivi, na kwenye ufa huo zikajipanga kasoko, yaani midomo ya volkano, zaidi ya 130 zinazoitwa Lakagígar, kasoko za Laki. Lava ilifunika karibu kilomita za mraba 600. Wengine wanaandika 565. Sehemu kubwa ilitoka miezi ya mwanzo, kwa hiyo mawe mengi unayoyaona ukiwa barabarani ni ya 1783.

#3 Kuvu_na_Mwani
Mkuu #1, ukoga ni ule utelezi wa kwenye mtungi na kwenye meno. Hicho unachokieleza ni mmea kamili, una shina na majani. Ukiuita ukoga unautukana.

#4 Kasoko_Baridi
Haya, niuite nini? Kuvumwani?

#5 Kuvu_na_Mwani
Kuvumwani ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kiumbe kingine kabisa, ingawa nacho kipo pale juu ya mawe. Mimi nasema mosi, kwa Kiingereza moss.

#6 Nyundo
Mosi? Na pili iko wapi? 😄

#7 Zaha
Turudi kwenye hoja. Baridi haitoshi, #1. Chini kule karibu na kijiji cha Kirkjubæjarklaustur si mlimani, ni nyanda za karibu na pwani, na mvua ni nyingi. Mbetula inaota Aislandi kwenye sehemu za juu zaidi ya hapo. Angalia lava za kale za kuzunguka volkano ya Hekla: zile zilizopata majivu na mchanga wa kutosha juu yake zina vichaka na miti. Kinachokosekana Eldhraun ni kitu cha kushika maji. Lava ina matundu na nyufa kama chekeche. Mvua ikinyesha inapita moja kwa moja hadi chini, na mzizi unaotaka unyevu wa kudumu unakuta jiwe kavu. Mosi haina shida hiyo kwa sababu haina mizizi ya kunyonya. Ina vinyuzi vya kujishikiza tu, na maji inayapokea kwa mwili mzima kutoka kwenye mvua, ukungu na umande.

#8 Nyasi_Kavu
Zaha kasahau kondoo. Aislandi imefugwa kondoo tangu ilipokaliwa karne ya 9. Kila mche wa mbetula unaochomoza unaliwa. Mosi hawaitaki. Unabaki na kisicholiwa, basi.

#9 Zaha
#8, kondoo anapita wapi kwenye yale mawe? Katikati ya Eldhraun kuna sehemu hata mbuzi angekata tamaa, na ni mosi vilevile. Kondoo ni sababu ya pembezoni, haielezi uwanda mzima.

#10 Kuvu_na_Mwani
Nyote wawili mnaitazama mosi kama mhanga aliyeachiwa kiwanja. Yenyewe ndiyo inayofunga mlango. Aina inayotawala pale ni Racomitrium lanuginosum. Zulia lake linaweza kupita sentimita 20. Mbegu ya nyasi ikidondoka juu yake inakaa hewani, haigusi kitu chenye rutuba. Jua likiwaka saa kadhaa, zulia linakauka hadi linakwaruza, na mche mchanga unakufa nalo. Mosi inakauka bila kufa. Mche hauna ujanja huo.
Chukua lenzi ya kukuzia mara 10, piga magoti kwenye njia, tazama kishada kimoja bila kuking'oa. Kila jani linaishia kwa unywele mweupe usio na rangi ya kijani. Ikiwa kavu, majani yanajikunja kwenye shina na nywele zinabaki nje zikirudisha mwanga, ndiyo ule ukijivu. Dondoshea maji: ndani ya muda mfupi sana majani yanafunguka na kishada kinageuka kijani cha njano mbele ya macho yako. Sentimita chache za juu ndizo hai. Chini yake ni kahawia, chini zaidi ni kama tumbaku iliyosagika, halafu jiwe tupu. Hakuna udongo. Hapo mbegu itakula nini?

#11 Fundi Soli
Kwa wapiga picha, alichosema #10 kina maana yake. Msiende kutafuta kijani siku ya jua kali la mchana na upepo mkavu, mtakuta kijivu na mtalalamika kwamba picha za mtandaoni zimetiwa rangi. Kijani kinakuja baada ya manyunyu au wakati wa manyunyu, anga likiwa na mawingu mepesi yanayofuta vivuli. Bahati nzuri huko manyunyu huyatafuti, yanakutafuta.

#12 Mzee wa Dira
Nijibu swali la pili la #1 maana limeachwa yatima.
Sheria ya Aislandi ya hifadhi ya mazingira, namba 60 ya 2013, inampa mtu haki ya kutembea kwa miguu kwenye ardhi isiyolimwa, kwa masharti ya kutoharibu na kufuata njia zilizowekwa. Sheria hiyohiyo inazipa ulinzi maalumu lava zilizotokea baada ya zama za barafu, na Eldhraun ni mtoto mchanga kwenye kundi hilo. Kuendesha gari nje ya barabara ni marufuku, faini yake ni nzito. Kwa hiyo anayekwambia "ni marufuku kuingia" anakosea, na anayekwambia "kanyaga popote" anakosea zaidi.
Kwa vitendo iko hivi: unaegesha kwenye maegesho yaliyotengwa, unafuata njia iliyowekewa kamba au vigingi, unatazama, unarudi. Njia hizo ni fupi. Usitarajie matembezi ya nusu siku kwenye ile ya kando ya barabara.

#13 Nyundo
Na kama dimbwi limejaa katikati ya njia?

#14 Mzee wa Dira
Pita katikati ya dimbwi. Ndiyo maana ya buti. Njia nyingi huko hazijaharibiwa na wahuni, zimeharibiwa na waungwana wasiotaka kulowa: wa kwanza anakwepa kwa hatua moja kando, wa pili anaona alama na kuifuata, baada ya msimu mmoja njia ya nusu mita imekuwa ya mita tatu.

#15 Kasoko_Baridi
Hapo sijaelewa. Kitu kinachostahimili kukauka kabisa na kuganda kinashindwaje na soli ya kiatu?

#16 Kuvu_na_Mwani
Kwa sababu hakijafungwa kwenye jiwe. Ikiwa kavu, mashina yanavunjika kama biskuti. Ikiwa imelowa, zulia linakuwa zito na laini, uzito wa mguu unalisukuma pembeni na linateleza juu ya jiwe. Ukishatoboa shimo, ukingo unabaki wazi. Upepo wa huko unaingia chini ya ukingo na kulikunja zulia kama mkeka. Shimo la kisigino linageuka kipara cha mita. Mosi inakua chini ya sentimita 1 kwa mwaka, mara nyingi kidogo zaidi ya milimita chache, hivyo hesabu ya kurudi ni miongo, si miaka.

#17 Nyasi_Kavu
Sentimita 1 mara 240 ni mita 2 na zaidi. Mbona zulia ni sentimita 20?

#18 Kuvu_na_Mwani
Swali zuri kutoka kwa mtu wa kondoo. Chini inaoza na kujibana huku juu ikikua, na upepo unanyoa sehemu zilizoinuka. Pia haikuanza siku lava ilipopoa. Kwanza huja vishada vilivyotawanyika pamoja na kuvumwani za kijivu za jenasi Stereocaulon, baadaye mosi inazifunika na vishada kuungana.

#19 Fundi Soli
Vifaa, kwa wale watakaopita pia kwenye njia zenye alama za huko Laki kwenyewe au lava nyingine za wazi:
Soli iwe ngumu, ukikunja buti kwa mikono isikunjike kirahisi. Basalti mpya, yaani jiwe la lava hii, ina vioo na kingo zinazokata. Raba laini zinatobolewa matundu siku moja. Kifundo cha mguu kifunikwe. Suruali ndefu, na glavu hata kiangazi, kwa sababu ukianguka unatanguliza viganja, na kiganja kwenye lava ni kama kiganja kwenye kikwaruzo cha nazi. Fimbo za kutembelea ziwe na vifuniko vya mpira kwenye ncha. Ncha tupu ya chuma inatoboa mosi na kuchora mawe. Na usiweke uzito wote kwenye fimbo: ikiingia kwenye ufa uliofunikwa, inavunjika au inakuvuta.

#20 Nyundo
Nyufa zinafunikwa na mosi?

#21 Fundi Soli
Ndiyo, na ni sababu mojawapo ya watu kuvunjika miguu kwenye lava yenye mosi. Zulia linaziba pengo la upana wa mguu na kuonekana tambarare. Theluji inafanya vivyo hivyo, ila theluji watu wanaiogopa, mosi inaonekana kama kochi.

#22 Zaha
Tena Eldhraun si ya aina moja. Waaislandi wanatofautisha helluhraun, lava laini yenye mikunjo kama uji uliopoa, na apalhraun, ile ya vipande vyenye miiba. Wengi wanaiita Eldhraun apalhraun. Sehemu kubwa ni ya katikati: ganda laini lilitangulia kuganda, likavunjwa vipande na kubebwa na lava iliyokuwa bado inatembea chini. Ndiyo maana unakuta mabamba yamesimama wima, mengine yamelaliana, na mapengo katikati. Mapengo hayo ndiyo ya #21.

#23 Mzee wa Dira
Jambo la dira, maana jina langu linanidai. Basalti ina madini ya sumaku. Dira ukiiweka juu ya jiwe inaweza kukuonyesha upande wa ajabu, na hatua tano mbele ikabadilika tena. Ishike usawa wa kifua, soma sehemu mbili au tatu, linganisha. Simu iwe na ramani iliyopakuliwa, betri ya akiba iwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukungu ukishuka kwenye lava yenye mosi kila kilima kinafanana na jirani yake. Simama, usijaribu njia ya mkato. Dharura ni 112. Mpango wa safari unaweza kuuacha safetravel.is, na hali ya hewa usome vedur.is asubuhi hiyohiyo, si ya jana.

#24 Bi Barabara
Nyongeza ya gari, kwani wengi wanaumia kabla ya kufika kwenye mosi. Kutoka Reykjavík hadi Kirkjubæjarklaustur ni takriban kilomita 250, Vík ikiwa njiani. Kikomo kwenye lami nje ya miji ni kilomita 90 kwa saa, kwenye changarawe 80. Taa za mbele zinawaka saa zote, hata jua likiwaka. Barabara inapopita kwenye lava imeinuliwa na bega lake ni jembamba: ukisimama hapo kupiga picha, nusu ya gari iko njiani, na nusu nyingine, ukilazimisha, iko juu ya mosi. Makosa mawili kwa mkupuo mmoja. Ngoja maegesho.
Mlango: elekeza pua ya gari kwenye upepo, shika mlango kwa mkono kabla ya kuufungua, fungua mmoja mmoja. Mlango uliopinduliwa na upepo mara nyingi haumo kwenye bima ya gari la kukodi.

#25 Kasoko_Baridi
Bi Barabara, na kule kwenye kasoko zenyewe?

#26 Bi Barabara
F206. Herufi F maana yake barabara ya milimani, inafunguliwa kiangazi tu na kwa gari linalovuta magurudumu yote manne. Ina vivuko vya mito bila madaraja. Kina cha maji hubadilika ndani ya siku moja, kinapanda baada ya mvua. Tazama gari lingine likivuka kwanza, gia ndogo, mwendo mdogo usiokatika, usibadilishe gia katikati ya maji. Injini ikizima usiiwashe tena, itavuta maji. Hasara ya mtoni nayo bima nyingi haziigusi. Juu huko ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Vatnajökull, njia zina alama, na walinzi hawana mzaha na mosi ya kwenye kasoko. Mlima Laki wenyewe una mita 818. Ukiwa kileleni unaona mstari wa kasoko ukienda pande zote mbili, na hapo ndipo neno "ufa" la #2 linaeleweka.

#27 Nyasi_Kavu
Nimesoma tangazo la safari linasema wanaanga wa Apollo walifanya mazoezi Eldhraun. Kweli?

#28 Mama Ramani
Walikwenda Aislandi 1965 na 1967, hilo halina ubishi. Mazoezi yanayojulikana zaidi yalikuwa nyanda za juu za kuzunguka volkano ya Askja, kwenye majangwa ya majivu. Fikiri mwenyewe: unamfundisha mtu kusoma mawe ya Mwezini, unampeleka mahali mawe yamevaa sweta?

#29 Nyundo
😂 Sweta. Na ile habari ya mchungaji aliyesimamisha lava kwa mahubiri?

#30 Mama Ramani
Jón Steingrímsson, 20 Julai 1783, kanisani Kirkjubæjarklaustur. Lava ilikuwa inakaribia, akaendesha ibada, na mkondo ule haukusonga zaidi. Inaitwa Eldmessa, misa ya moto. Yeye mwenyewe aliandika pia kwamba mito ilifurika na kumwagikia lava. Anayetaka muujiza anao, anayetaka maji baridi anayo, na wote wanasoma maandishi yaleyale. Ila msiufanye mlipuko ule kuwa hadithi ya kuchekesha. Florini, kemikali ya sumu iliyotoka kwenye mlipuko, ilianguka kwenye malisho, sehemu kubwa ya mifugo ikafa, kondoo wakiumia kuliko wote, na njaa iliyofuata iliua takriban mtu mmoja kati ya kila watano nchini.

#31 Zaha
Tena #2 hukusema: chini na kando ya lava ya Laki kuna lava ya zamani ya ufa mwingine wa volkano, Eldgjá, ya karne ya 10, ambayo ujazo wake ni mkubwa kuliko wa Laki. Si kila jiwe la wilaya ile ni la 1783. Kwa hiyo swali la #1 lina mtego: miaka mia nane ya tofauti, na bado kuna sehemu mosi inatawala kote kuwili.

#32 Nyasi_Kavu
Ahaa! Kwa hiyo muda peke yake si jibu. Kondoo!

#33 Kuvu_na_Mwani
Au naitrojeni. Hewa na mvua za huko ni safi, jiwe halina naitrojeni, na kinachoingia kinaletwa kidogo kidogo na mvua pamoja na bakteria wanaoishi kwenye mosi. Mosi inakinasa kabla hakijafika chini. Nyasi zinapewa mabaki ya mabaki.

#34 Zaha
Basi nieleze hili: mto Skaftá ukifurika kutoka chini ya barafu, kama ule mkubwa wa Oktoba 2015, matope yanamwagika kwenye lava na mosi inazikwa. Yanapokauka, upepo unabeba vumbi na kuisambazia mosi zaidi. Sehemu zilizozikwa ndizo zinazoanza kupata mimea yenye mizizi, hasa nyasi za mchangani. Naitrojeni haikuongezeka sana pale. Kilichoongezeka ni kitu cha kushika maji. Nimerudi #7.

#35 Kuvu_na_Mwani
Au kilichoongezeka ni kwamba mosi ilikufa na mlango ukafunguka. Nimerudi #10.

#36 Mzee wa Dira
Tunazunguka kama kondoo wa #8.

#37 Fundi Soli
Kuna aliyewahi kuona maelekezo ya kusaga mosi na maziwa ya mgando, kisha kupaka kwenye kipara? Inafanya kazi?

#38 Kuvu_na_Mwani
Msingi wake ni wa kweli: kipande chochote cha shina kikivunjika kinaweza kuota upya. Kuhusu maziwa, wapo wanaosema yanalisha, wapo wanaosema yanagandisha vipande visipeperushwe, na wapo wanaosema maji matupu yangetosha. Kwenye eneo la mtambo wa jotoardhi wa Hellisheiði wamekuwa wakirudishia mosi kwa uangalifu, hata pale watu walipochonga maneno kwenye mlima kwa kung'oa zulia. Lakini mgeni asijaribu. Ukikuta bamba la mosi limepinduka pembeni ya njia, unaweza kuligeuza lirudi mahali pake, uso juu, na kulibana kidogo kwa kiganja. Basi. Usikate kwingine kuja kuziba.

#39 Bi Barabara
Na moto msisahau. Watu wanadhani nchi ya mvua haiungui. Julai 2023, mlipuko wa Litli-Hrútur kule Reykjanes uliwasha mosi, na moto ukawa unatambaa ndani ya zulia kwa siku kadhaa, moshi wake ukawasumbua waliokwenda kutazama. Jiko la gesi liwekwe kwenye changarawe tupu. Kulala kwenye gari nje ya kambi rasmi hakuruhusiwi. Kirkjubæjarklaustur kuna kambi.

#40 Kasoko_Baridi
Shukrani wote. Naona baridi yangu imezikwa kabla ya mosi.

#41 Zaha
Haijazikwa kabisa. Joto likiwa chini, kuoza kunachelewa, udongo unachelewa. Iweke nafasi ya tatu.

#42 Nyasi_Kavu
Ya nne.

#43 Mama Ramani
Kabla hatujafunga suala la jina: kwa Kiaislandi mmea wenyewe unaitwa mosi. M-o-s-i. Huu wa kijivu ni gamburmosi. Kwa hiyo #5 hakukosea, na #6 anatudai kicheko.

#44 Nyundo
Silipi. Gambur ndiyo pili?